Kartoni Chini ya Injini

Yangu huwaka mara moja.
Nabonyeza kidude chekundu, inaitika "bee!"
kama mtoto aliyelelewa na shangazi mkali.
Ni ya Kijapani, rangi ya majivu. Miaka kumi na tisa,
betri tatu, matairi sijui mangapi, basi.
Sina la kuongeza.

Ya jirani yangu, Orville Tschetter, ina mambo.
Kwanza aizunguke, aguse tangi palipobanduka rangi,
kama anayempapasa fahali mnadani;
afungulie petroli, avute waya wa hewa nusu,
si nusu hasa, nusu kasorobo,
halafu apige kiki, apige kiki, amtukane
fundi mmoja wa Milwaukee ambaye huenda alishakufa,
apige kiki.
Twila, mkewe, hufungua dirisha la jikoni:
"Leo inakataa?"
"Haikatai. Inafikiri."

Ikikubali, vikombe vyangu hugongana kabatini.
Silinda mbili zimetanua miguu kama mpiga mieleka,
na mdundo una kigugumizi: du-dum, du,
du-dum, unangoja pigo la tatu, haliji,
linakuja umeshakata tamaa.
Ainsworth nzima inajua Orville ameamka.

Chini yake hutandika kartoni.
Huibadilisha kila mwezi, lakini haitupi;
huandika tarehe kwa penseli ya seremala
na kuitundika ukutani mwa gereji,
doa la oili kama ziwa, doa kama sikio.
"Hili ni la mwaka aliozaliwa Delphine.
Gasketi. Niliifunga mikono ikinuka maziwa."
Nikamuuliza, mbona usinunue inayoaminika?
Alinitazama kama niliyemshauri abadilishe mama.
"Hii inaaminika. Haijaacha kuvuja hata siku moja.
Siku isiyovuja ndiyo uogope, oili imekwisha."

Agosti tulikuwa tukirudi kutoka Sturgis,
kule wanakojaa madaktari wa meno ndani ya ngozi nyeusi,
wauza bima wenye fuvu mgongoni,
wazee wa Vietnam waliosuka ndevu.
Tulipopita Valentine mvua ikashuka, na yake ikanyamaza.
Haikukohoa wala kuaga.

Ndani ya saa moja walisimama watu watano.
Mmoja alitoa spana, mmoja waya wa shaba,
mama mmoja wa Oklahoma aliinama akatega sikio
kama mkunga. Hakuna aliyeiponya.
Lakini hawakuondoka! Kila mtu alikuwa na yake
iliyomlaza jangwani, iliyompeleka kanisani kachelewa
siku ya ndoa yake mwenyewe, na walicheka
huku maji yakiwaingia kwenye buti.
Yangu hakuna aliyeiuliza habari.
Mmoja aliweka kikombe cha kahawa juu ya kiti chake.

Nilifunga kamba. Nikamvuta maili arobaini na mbili
kati ya vilima vya nyasi, polepole, jicho kwenye kioo.
Pikipiki zilizotujia mbele, waendeshaji
walishusha mkono wa kushoto, ile salamu yao ya chini chini.
Niliinua wangu. Wakanipita.
Kwenye kioo nikamwona Orville, taa imekufa,
amekaa wima kama bwana harusi,
anazipokea salamu zote.

Kesho yake mkahawani aliulizwa safari ilikuwaje.
"Imenifikisha nyumbani," alisema,
na wazee wakatikisa vichwa: hizo ndizo pikipiki.
Mimi nilikoroga kahawa isiyo na sukari.

Usiku ule, sijui nini kilinisukuma,
nilishuka gerejini na tochi, nikachana kartoni,
nikaitandika chini ya yangu.

Asubuhi niliikuta kavu,
jina la kampuni ya friji likisomeka lote,
na mshale uleule unaoonyesha
upande gani uwe juu.